Mguu wa Kaka

Tangu wamzike mwanawe, Mama alikataa kukaa kiti cha mbele. Aliingia nyuma, akaegemeza kichwa dirishani na kufumba macho. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda, ndiye aliyeshika usukani kumpeleka kliniki.

"Umesikia hapo?" Mama aliuliza gari lilipobadili gia. "Ndivyo mwanangu anavyoendesha. Gia ya pili haiachii mpaka iimbe."

Kitinda hakubisha. Gari lilikuwa otomatiki, lakini lile la klachi mbili: moja ikiwa imeshika gia, nyingine imeshaandaa inayofuata, zinapokezana bila mtu kujua. Kaka yake alikuwa ameliendesha peke yake tangu alinunue, nalo likamzoea. Akiwa amefumba macho, Mama alimwona mwanawe pale mbele. Kitinda aliendesha kimyakimya asije akamharibia. Hata kukohoa alijizuia.

Kisha gari likaanza kutetemeka kila linapoondoka, kama mtu mwenye homa. Siku moja, kwenye foleni ya mlima wa kwenda hospitali, likatoa harufu ya kuungua, taa ikawaka mbele ya usukani, likagoma.

Fundi aliyelipokea walimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Mlimani unasimamaje, dada?"

"Nakanyaga mafuta kidogo, lisirudi nyuma."

"Breki ina kazi gani?"

"Nikiachia breki linarudi kidogo kabla ya kuondoka. Mama anashtuka." Alizungumza akitazama viatu vyake. "Kaka alinifundisha kwenye pikapu ya mjomba. Mlimani tulikuwa tunaishikilia hivyo hivyo, kwa klachi na mafuta."

"Salaale! Kumbe unalining'iniza mlimani kwa mafuta!" Taratibu alicheka. "Watu wakisikia otomatiki wanadhani haina klachi. Hii inazo mbili, na zote umezikaanga. Ungeweka na vitunguu tu."

Alipomwona Kitinda hacheki, naye akaacha.

"Usijali. Nitafunga mpya, halafu nifute kumbukumbu ya giaboksi ianze kujifunza upya."

"Kumbukumbu gani?"

"Inasoma mguu wa dereva. Anavyokanyaga, anavyoachia, klachi zinavyolika. Ukiweka klachi mpya kwa mazoea ya zamani, gari litaruka kama mbuzi."

"Haiwezekani ukabakiza kidogo?"

"Kidogo cha nini?"

"Cha kaka. Mama huwa anamsikia humo."

Taratibu akaweka spana chini. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, hata pale palipokuwa safi.

"Ningeweza ningekufanyia, mdogo wangu. Lakini haichagui. Inafutwa yote."

"Na tukiliacha kama lilivyo?"

"Mlima wa hospitali halipandi tena."

Klachi zilipokwisha kufungwa, Taratibu alichomeka kompyuta yake ya kupimia, kisha akamgeuzia Kitinda kioo. "Bonyeza wewe. Mimi naona vibaya."

Kitinda alibonyeza. Mstari wa kijani ukajaa taratibu, ukafika mwisho. Hakuna kilicholia.

Siku ya kliniki Mama akaingia nyuma kama kawaida, akafumba macho. Gari likaondoka laini, bila kutetemeka. Ya kwanza ikaachia mapema, ya pili ikapokea kwa kusitasita, kama mgeni anayetafuta swichi ya taa gizani.

Kwenye kioo Kitinda alimwona Mama amefumbua macho.

"Huyu nani anaendesha?"

"Ni mimi, Mama."

Mama alimtazama kisogo muda mrefu. "Na yeye?"

Kitinda alitaka kusema ni klachi, ni mlima, ni kwa ajili ya kutokukushtua.

"Hayumo, Mama."

Walifika mlimani. Foleni ikasimama. Safari hii Kitinda alikanyaga breki kwa nguvu, kama alivyoelekezwa. Magari ya mbele yaliposogea akaiachia, gari likarudi nyuma kiasi cha kiganja kabla ya kushika. Mama alikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakupiga kelele.

Hakufumba macho tena mpaka hospitali.