Umeme wa Juujuu

Asubuhi Régine aliinama juu ya esieu, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma ya lori, katika gereji ya Sylvain kwenye njia ya Luano. Alikuwa amekisugua mpaka kikang'aa. Akakiwekea sumaku ya umeme yenye miguu miwili, akanyunyiza unga wa chuma, akawasha umeme unaokwenda na kurudi. Unga ukachezacheza, ukatapakaa. Hakuna ufa.

"Mama Régine, bonjour," chuma kikasema. "Niko huku chini kidogo."

Ilikuwa sauti ya Anselme, dereva aliyekufa mwaka jana lori lilipopinduka kwenye barabara ya Kilwa. Esieu hii ilitolewa kwenye mabaki ya lori hilo kabla mwili wake haujatolewa. Régine akaitikia salamu.

"Ile courant yako inapita ku ngozi tu," Anselme akasema. "Hainifikie."

Hilo Régine alilijua. Umeme ule huonyesha nyufa zilizo wazi usoni mwa chuma, zilizofunikwa huzipita. Akageuza swichi kwenye umeme wa njia moja. Unga ukajikusanya taratibu, ukachora mstari mpana wenye ukungu, urefu wa kiganja. Anselme akashusha pumzi.

Sylvain akaja na kikombe cha chai. Akamsalimu marehemu kwa heshima, kisha akautazama mstari.

"Pima na courant ya kwanza, Mama. Ile inaonyesha muzuri."

"Inaonyesha juu tu, patron. Mu ndani iko fissure. Itakatika."

"Client anangoja."

"Angoje. Siweke tampon," Régine akasema, akaurudisha muhuri wake mfukoni.

Sylvain akamwita Bénit, mpimaji wa mtaa wa pili. Bénit akaufuta unga, akamwomba Anselme radhi kwa usumbufu, akapima kwa umeme unaokwenda na kurudi, akagonga muhuri.

Esieu ilipofungwa kwenye lori, Régine alisimama getini na kumweleza dereva mpya, Osée, yote bila kuficha. Osée alikuwa na watoto wanne na hakuwa na kazi nyingine. Akaingia chini ya lori.

"Anselme, uko?"

"Niko."

"Ikianza kukatika, uniambie."

"Nitakuambia. Lakini kule ku mulima hakuna pa kusimama."

Osée akamshukuru, akapanda, akaondoka.

Régine akarudi ndani. Akavuta chuma kilichofuata, akakisugua. Humo ndani mtu akakohoa. Régine akageuza swichi.