Kibao Kilichopimwa Bila Mzigo

Hakuna aliyemlazimisha Fundi Risasi kuvipima tena vile vibao vya kupandisha umeme. Mchana ule wateja walikuwa wameadimika, basi, na mkono wa fundi haukai bure. Vilikuwa vitano, vidogo kama kiberiti, vya bei ya kutupa: unakipa volti kumi na mbili za betri, kinakupa ishirini na nne. Cha sita alikuwa amekifunga nyumbani, kati ya betri na mashine inayomsaidia mama yake kupumua, ili umeme ukikatika mama asikose pumzi.

Alikipima hicho cha sita? Alikipima, tena kwa mbwembwe! Aligusisha mita, ikasema ishirini na nne kamili, akapiga mluzi. Jana wakaijaribu mashine kwa dakika tano, mama akiwa amevaa barakoa yake, na fundi akacheka mpaka wifi yake akamwuliza kama amechumbiwa.

Leo akakifunga kibao cha kwanza kwenye taa ya lori, inayokula umeme sawa na ile mashine. Dakika ya kumi akasikia harufu ya kuungua. Ya kumi na mbili, taa ikazima.

"Hiki kibovu tu," akajidanganya.

Cha pili kikafa dakika ya kumi na moja. Cha tatu hakikufika hata kumi. Kile cha nyumbani alikipima bila kukibebesha chochote, kama mtu anayesifia chungu kabla hajakiweka motoni.

"Mjinga wewe," akajiambia. "Mjinga wa kutupwa."

Hapo feni ya dukani ikasimama. Redio ya kinyozi wa jirani ikanyamaza. Mtaa mzima umeme umekatika, na nyumbani wanatumia laini hiyohiyo. Saa hizi mama huwa amelala na barakoa usoni.

Akapiga simu. "Pokea, wifi. Nakuomba, pokea." Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita bure.

Akatoka mbio, duka wazi, bisibisi mkononi. Kwa mguu ni robo saa. Kibao kina dakika kumi. Aligonga watu, akatukanwa, hakugeuka. Kwenye ngazi akakutana na wifi akishuka kutoka juu na beseni la nguo.

"Kulikoni, wifi? Mbona unahema hivyo?"

Akampita mbio. Akasukuma mlango wa chumba. Mashine ilikuwa kimya. Kibao kimeungua, kimeacha alama nyeusi ukutani. Kitandani hakuna mtu.

"Mama!"

"Nipo huku."

Alikuwa amekaa kwenye kiti dirishani, kifua kikipanda na kushuka kwa shida, midomo imepauka. Lakini alikuwa hai. Barakoa ilikuwa imetundikwa msumarini. Fundi akaanguka magotini, akamshika miguu, akalia.

"Nilijua kitaungua," mama akasema polepole, akivuta pumzi kila baada ya neno au mawili. "Jana tu kilinuka. Umeme ulipokatika, nikaivua, nikaja kukaa hapa."

"Jana? Mbona hukuniambia, mama? Ungekuwa usingizini je? Ungekufa!"

Mama akampapasa kichwa.

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Tangu tumzike baba yako, sijakuona ukicheka."