Magazini Sita za Luc

Jumanne ya pili ya Novemba, saa tatu asubuhi, Normand Bessette alitandaza gazeti la Jumapili juu ya meza ya jikoni na kupanga juu yake magazini sita za bunduki, kila moja ya risasi thelathini. Alizifuta moja moja kwa kipande cha fulana kuukuu. Mkewe, Claudette, alikuwa upande wa pili wa meza akisukuma unga wa pai ya nyama ya nguruwe.

"Mafuta yako yasiguse unga wangu," alisema.

"Hayagusi."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, tukala pai ina ladha ya gereji."

Sheria mpya ya jimbo ilikuwa imepitishwa Juni. Ilisema kwamba ikifika tarehe kumi na nane Desemba, atakayekutwa na magazini inayobeba zaidi ya risasi kumi atakuwa mhalifu, na mhalifu huku kwetu hamiliki bunduki tena mpaka kaburini. Njia za kujiokoa zilikuwa tatu: uzipeleke polisi, uzitoe nje ya jimbo, au uzizibe zisiweze tena kubeba zaidi ya kumi. Normand alikuwa na miaka sitini na minane, fundi mstaafu wa mashine za kiwanda cha nyuzi, katibu wa klabu ya walenga shabaha kwa miaka ishirini na miwili. Hakuwahi hata kupigwa faini ya kuegesha gari vibaya. Hakuwa na mpango wa kuanza uhalifu uzeeni.

Isitoshe, magazini zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za mwanawe Luc, aliyefariki tarehe kumi na nne Machi.

Alizitia ndani ya kopo la biskuti, akaendesha gari hadi kituo cha polisi. Dirishani alikaa Sajenti Denise Ouellette, ambaye Normand mwenyewe alimfundisha kulenga shabaha akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Denise alimpa fomu ya kurasa nne. Watu wa bunduki huku kwetu wanaweza kumdanganya daktari kuhusu sigara, na kuwadanganya wake zao kuhusu bei ya bunduki, lakini fomu hawaidanganyi. Neno moja la uongo kwenye fomu ya bunduki ni kesi, na hofu hiyo wanaibeba maisha yao yote. Kwa hiyo palipoandikwa jina la mmiliki, Normand aliandika ukweli: Luc Bessette. Palipoandikwa sahihi alitia yake. Denise akagonga muhuri.

Saa kumi na moja jioni mlango wa nyuma ulifunguliwa, Luc akaingia na kopo la biskuti kwapani.

Claudette alimtazama miguuni. "Viatu," alisema.

Luc alivua viatu na kuviweka juu ya mkeka, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amevaa koti lake la kijani, na alikuwa amenyoa. Mama yake alimwekea glasi ya maziwa ya kahawa. Luc alitoa kasha la risasi kabatini, akaanza kujaza magazini, thelathini kwa kila moja. Zilipojaa zote sita alizitoa risasi tena, akazifuta, akazirudisha kwenye kasha. Ndivyo alivyofanya kila jioni tangu aliporudi kutoka vitani, kwa sababu mikono yake ilikuwa haitulii bila kazi. Saa kumi na mbili alivaa viatu, akatoka. Normand alikuwa na furaha, ila ilikuwa furaha ya mtu aliyechoka, na hakujua aiweke wapi.

"Amepungua," Claudette alisema, akiosha glasi.

Asubuhi Normand alilirudisha kopo kituoni.

"Mzee Normand, hizi si umeleta jana?" Denise aliuliza.

"Zimerudi."

"Zimerudije?"

"Luc kazirudisha."

Denise alikwenda kufungua stoo, akarudi. "Kweli hazipo. Haya, jaza fomu nyingine."

Alijaza. Luc alizirudisha jioni. Siku ya tatu Denise alisoma fomu tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu ikiwa mdomoni.

"Nimeliona tatizo," alisema. "Mmiliki ni Luc, sahihi ni yako. Mwenyewe hajasaini, kwa hiyo bado ni zake na ana haki ya kuzichukua. Mlete asaini yaishe."

"Anakuja saa kumi na moja."

"Dirisha tunafunga saa kumi."

"Huwezi kupita nyumbani mara moja, mwanangu?"

"Ningependa, mzee wangu. Lakini saa za ziada wamezifuta tangu Septemba, na fomu haitoki nje ya jengo hili." Alimsukumia kopo taratibu. "Una zaidi ya wiki nne bado. Tafuta njia nyingine."

Ijumaa klabuni kulikuwa na supu ya chaza na malalamiko. Wanachama walikaa kwenye meza ndefu chini ya picha za mabingwa wa zamani, kila mmoja akieleza alivyofanya. Mmoja alikuwa amezifukia bustanini kisha akasahau mahali, na mbwa wa jirani ndiye aliyeanza kumkumbusha. Gil Lamoureux, rafiki wa Normand tangu shule ya msingi, alikuwa amezipeleka zake kwa dada yake, New Hampshire, jimbo lisilo na sheria hiyo.

"Naenda kuziona kila Jumapili," Gil alisema. "Kama baba aliyeachana na mama watoto. Nazifuta vumbi, naziambia baba yenu anawapenda, narudi nyumbani nalia kwenye gari."

"Wewe hata ndoa yako ilipovunjika hukulia," mtu alimtania.

"Ndoa ilikuwa na nafasi ya wawili tu. Hizi zina thelathini!"

Walicheka. Ukutani, karibu na mlango, bado zilining'inia fulana za njano walizovaa Machi walipokwenda makao makuu ya jimbo kuupinga muswada. Walijaa basi zima. Upande wa pili wa ukumbi walikaa watu wenye fulana nyekundu, waliokuja kuutetea. Kila mtu alipewa dakika mbili za kusema, na majina yalikuwa mia tatu na ushee. Normand aliingia ukumbini saa tano asubuhi, zamu yake ikafika saa tatu usiku. Wenye njano walisema kumi ni chache. Wenye nyekundu walisema thelathini ni nyingi. Luc alikuwa ameandikishwa kwenda nao, lakini asubuhi ile alisema amechoka, abaki alale kidogo. Ilikuwa tarehe kumi na nne.

"Mpe dada yangu na zako," Gil alimwambia wakati wanavaa makoti. "Nafasi ipo, bwana. Chini ya kitanda cha wageni."

Normand alimweleza Claudette. Claudette alikaa kitako, jambo ambalo halifanyi jikoni.

"Na Luc je?"

"Atazifuata, nadhani."

"Basi kila jioni atakwenda kukaa kwenye nyumba ya watu asiowajua? Yule mama hata kahawa hajui kupika. Hapana, baba Luc. Mtoto wangu haendi New Hampshire."

Ikabaki njia ya tatu. Normand alishuka kwenye chumba cha chini na vipande vya plastiki ngumu, drili, gundi na ribiti, vile vipini vifupi vya chuma vya kukazia. Kila magazini aliifungua kitako, akatoa springi, akaingiza kipande cha plastiki cha kuzuia springi isishuke kupita risasi ya kumi, akarudisha springi na kukifunga kitako kwa gundi na ribiti, kisha akaisawazisha ribiti kwa nyundo ndogo ili isitoke tena milele. Kazi ilimchukua siku mbili. Aliifanya vizuri, kwa sababu hakujua kuifanya vibaya, na aliichukia tangu mwanzo mpaka mwisho.

Jioni ile Luc alijaza magazini ya kwanza. Risasi ya kumi iliingia. Ya kumi na moja ikakataa. Alijaribu tena, kwa kidole gumba, polepole. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na risasi ishirini, zilizobaki kati ya thelathini alizozoea kuzihesabu kabla ya kuanza. Akazitazama, akamtazama baba yake. Mikono yake ilikuwa imekosa kazi.

"Ni sheria, mwanangu," Normand alisema. "Sasa mwisho wake kumi."

Luc alikuwa mtu wa maneno machache hata kabla ya vita. Normand akanyoosha mkono juu ya meza, Luc akamimina zile ishirini kiganjani mwa baba yake, na mikono yake ikatulia. Akachukua magazini ya pili. Kufika ya sita Normand alikuwa anapokea risasi kwenye kofia yake.

Tangu siku hiyo kazi ikawa ya watu wawili. Normand alimwandikia Gil kwamba ukatibu sasa basi, kwa kuwa mikutano ya klabu inaanza saa kumi na moja. Gil alipiga simu kumbembeleza.

"Nina shughuli saa hiyo," Normand alisema.

"Shughuli gani, mstaafu mzima wewe?"

"Namshikia mwanangu risasi."

"Ah," Gil alisema. "Msalimie."

Tarehe kumi na mbili Desemba, Normand alizipeleka magazini kituoni kukaguliwa. Safari hii alibeba na kitu kirefu kilichofungwa kwa karatasi ya kaki. Denise alichukua risasi bandia kumi na moja, akajaribu magazini zote sita. Kila moja ilikataa ya kumi na moja. Alimpa cheti chenye muhuri na nembo ya jimbo kikisema kwamba nyumba ya Bessette imetii sheria.

"Kazi safi," Denise alisema. "Wengine wananiletea zimezibwa kwa bablishi. Na hicho?"

"Hiki nimekuja kukiacha."

Denise hakuhitaji kufungua karatasi. Yeye ndiye aliyeifunga, Aprili, polisi walipomaliza uchunguzi, na kuileta nyumbani kwa akina Bessette pamoja na stakabadhi. Ilikuwa bunduki ya kuwindia ya mtutu mmoja, ya babu yake Normand. Unaifungua katikati, unatia risasi moja, unaifunga. Ikishalia imekwisha mpaka uijaze tena. Luc hakutumia bunduki nyingine yoyote siku ile ya Machi.

"Hii ni halali, mzee wangu," Denise alisema.

"Najua."

"Inabeba moja tu. Sheria haina neno nayo." Aligeuza fomu upande wa pili, akarudi upande wa kwanza. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini kalamu iliendelea kutafuta. "Fomu ni ya magazini. Sina mstari wa kuiandika. Nikiipokea bila fomu, kosa ni langu."

"Waliniuliza maswali arobaini kuhusu hizi," Normand alisema, akionyesha kopo la biskuti. "Kuhusu hii, hakuna hata moja?"

"Hakuna."

Normand alikaa kwenye benchi dakika chache, kofia mapajani. Alikuwa amejawa na hasira, lakini hakuona wa kumwagia, maana Denise alikuwa amekuja matangani na bakuli la maharagwe. Mle ukumbini Machi watu mia tatu walikuwa wamebishana kutwa nzima kuhusu kumi na thelathini, na yeye alikuwa mmoja wao, na alitumia dakika zake mbili zote. Kuhusu moja hakuna aliyesema neno. Alisimama, akabeba bunduki na kopo, akarudi nyumbani.

Claudette alibandika cheti kwenye friji kwa sumaku, pembeni ya kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa hapo tangu Desemba iliyotangulia, Luc alipokwenda kuomba kuonwa na daktari wa afya ya akili. Walimpa miadi ya tarehe tisa Aprili, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Wiki iliyopita Claudette alikuwa amepiga simu kuuliza foleni imefikia wapi. Binti wa mapokezi alimwambia kwa adabu kwamba sasa ni miezi mitano.

Saa kumi na moja Luc aliingia, akavua viatu. Bunduki ya babu ilikuwa bado imeegemezwa ukutani, na karatasi ya kaki ilikuwa imechanika upande mmoja. Luc hakwenda kwenye kasha la risasi. Aliichukua ile bunduki, akaiondoa karatasi, akaifungua katikati. Aliinua mtutu kwenye mwanga wa taa na kuchungulia, akatia ncha ya kidole kidogo ndani, kama baba yake alivyomfundisha akiwa na miaka minane.

"Tupu," alisema.

Kisha akampa baba yake, akasubiri.

Klabuni kwetu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, na imechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango: bunduki huangaliwa na watu wawili. Wa kwanza anachungulia na kusema, wa pili anachungulia na kusema, na mpaka wa pili aseme, hakuna aliyemaliza. Normand ndiye aliyeichora, kwa mkono wake.

Aliipokea bunduki. Aliinua mtutu, na kwa upande wa pili akaona duara dogo la jiko lake: ukingo wa meza, glasi ya maziwa ya kahawa, mkono wa Claudette. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Tupu," alisema.

Luc aliitikia kwa kichwa. Alikunywa maziwa yake, akajaza magazini sita, kumi kumi, akammiminia baba yake zilizobaki. Saa kumi na mbili alivaa viatu.

"Kesho utakuja?" Claudette aliuliza.

"Nitakuja, mama."

Bunduki imerudi kabatini kwenye ujia, kwa kuwa ni halali na hakuna wa kuipokea. Kila jioni Luc anaitoa, anachungulia, anasema, anamwachia baba yake. Normand yuko nyumbani saa kumi na moja bila kukosa, hata siku za theluji, hata alipokuwa na homa. Anachungulia na kusema kwa sauti, ili mwanawe asikie kwamba mtu wa pili yupo.