Tawi Kwenye Kofia ya Hieronim

Walimlaza yule nguruwe-mwitu ubavu wa kulia, kama mila ya wawindaji inavyotaka, wakampa tawi la msonobari mdomoni liwe tonge lake la mwisho. Tawi la pili walilitandaza juu ya jeraha. La tatu Ignac alilichovya kwenye damu, akaliweka juu ya kofia yake mwenyewe kama juu ya sinia, akamnyooshea aliyempiga risasi.

"Msitu umekujalia, mkuu."

"Na uwajalie nyote," akajibu Hieronim Sawko.

Akavua kofia yake ya sufu ya kijani, akachomeka tawi kwenye utepe, damu ikiwa bado mbichi. Kofia ilikuwa ya marehemu baba yake. Kwetu Lipowo tawi hilo halitolewi mpaka siku iishe. Mwindaji akilitoa mapema, wenzake humtazama kama mume aliyevua pete mlangoni mwa baa.

Kalina, daktari wa mifugo wa wilaya, alikuwa amechuchumaa kwenye theluji karibu na nguruwe, akijaza damu kwenye kichupa. Hakungojewa kwenye sherehe ile, na alilijua hilo.

"Mzoga uende chumba cha baridi, usiguswe mpaka majibu yatoke," alisema. "Na majike? Nimeambiwa kundi lilikuwa na majike wawili."

"Walipita," akasema Hieronim.

"Walipita wapi, bwana Sawko?"

"Mbele yangu. Karibu ningewapiga kwa kofia. Jike mwenye watoto simpigi, daktari. Baba hakumpiga, mimi simpigi, na karatasi kutoka Warsaw haitanivutia kifyatulio."

Wanaume wakaguna kwa kuridhika. Ndilo neno walilotaka lisemwe mbele ya yule mwanamke.

"Bila kuwapunguza majike, homa hii ya nguruwe haiishi."

"Homa ya Afrika!" Ignac akadakia. Alikuwa na mdomo usiopata likizo. "Afrika iko wapi na Lipowo iko wapi? Alikuja kwa treni huyo mdudu?"

"Alikuja kwa watu," akasema Kalina.

"Na kunguru je? Anadonoa mzoga kule mtoni, anatua kwenye banda la mtu huku. Umemvisha kunguru gambuti?"

Wakacheka mpaka mbwa wakabweka. Hieronim naye alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkuu wa wawindaji na watu walingoja neno lake, akasema polepole, "Daktari, andika kwenye ripoti yako. Homa inaletwa na malori, na madereva wanaotupa masandwichi porini. Tangu babu zetu, hakuna banda lililouliwa na mwindaji."

Kalina alifunga kichupa, akainuka, magoti yake yakiwa yameloa.

"Kunguru simdai adabu. Ninyi nawadai. Kabla hamjakaribia nguruwe wa kufugwa, badilisheni kila kilichotoka nanyi msituni. Kila kitu."

"Tumesikia, mama," wakajibu kama watoto wa shule, na wakaenda kuota moto na kula kabichi chachu na soseji.

Ila Hieronim alikuwa amesikia kweli. Si kwa ajili ya daktari, bali kwa ajili ya dada yake Bronia.

Wengi Lipowo walikuwa wameshafunga mabanda ya nguruwe kwa hofu ya homa. Bronia hakufunga. Alisema mwanamke aliyezikwa na harufu ya nguruwe wake ni bora kuliko aliyezikwa na harufu ya sabuni ya duka. Alizungusha uzio, akatandika mlangoni zulia la sponji lililoloweshwa dawa ya kuua vijidudu, na asiyekanyaga hapo hakuingia, awe padri au postamasta. Nguruwe wake aliwaita kwa majina. Malwina ndiye aliyekuwa malkia wao, mweupe, mwenye sikio moja lililoinama, na siku hiyo alikuwa anazaa.

Hieronim alipitia nyumbani kwanza. Akaoga. Akavaa suruali nyingine, viatu vingine, koti la kanisani. Kisha akanyoosha mkono kwenye ndoano, akavaa kofia, kwa sababu mwindaji aliyeangusha nguruwe hula chakula cha jioni kwa dada yake mkubwa, na huenda akiwa na tawi. Ndivyo baba alivyokwenda kwa shangazi. Hakufikiri. Hakuna anayefikiri juu ya jambo kama hilo.

"Simama hapo hapo!" Bronia alimpigia kelele kutoka kwenye uwanja. "Viatu?"

"Vingine."

"Koti?"

"La kanisani, dada. Unataka nivue na ngozi?"

"Ngozi hiyo wala sitaki kuiona. Mikono?"

Akamwonyesha mikono, huku na huku. Bronia akaikagua, kisha macho yake yakapanda juu, yakaliona tawi. Uso wake ukalegea.

"Umeangusha, eh? Baba angefurahi."

"Dume. Wa kilo zake."

"Haya, kanyaga dawa vizuri, si kugusagusa tu. Njoo unisaidie, kuna mtoto wa Malwina amenaswa nyuma ya bomba na mkono wangu haufiki."

Akakanyaga dawa, mguu wa kwanza, mguu wa pili, kwa uangalifu wa mtu anayeingia kanisani. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Akapiga magoti kwenye majani makavu, akapenyeza mkono nyuma ya bomba, akakipata kile kitoto, cha moto kama mkate, kikipiga kelele kuliko ukubwa wake. Alipokivuta, kofia ikamwanguka. Malwina akageuza kichwa, akanusa, akang'oa lile tawi kwenye utepe, akalitafuna mpaka likaisha.

Bronia alicheka hadi akashika ukuta.

"Mwizi wewe! Mkuu wa wawindaji kaporwa nishani na nguruwe!"

"Mwache," akasema Hieronim, naye akicheka, akipangusa kofia kwa kiwiko. "Naye kapata tonge lake."

Wakaenda kula supu ya bitiruti.

Juma lililofuata Kalina alipiga simu asubuhi. Hakuzungusha maneno.

"Bwana Sawko, yule dume wenu alikuwa nayo."

"Nayo nini?"

"Unajua nini."

Hieronim alikuwa amesimama kwenye ukumbi mdogo wa nyumba yake, na mbele yake kofia ilining'inia kwenye ndoano. Aliutazama utepe. Ulikuwa na doa la kahawia pale tawi lilipokaa, na pembeni ya doa, sindano moja ya msonobari ilikuwa imebaki, imekauka. Masikio yakamwaka. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, moja moja, kwa sauti ile ile ya kiburi aliyoyasemea: hakuna banda lililouliwa na mwindaji.

"Upo, bwana Sawko? Kuna mtu yeyote wa kikundi chako aliyekwenda kwenye nguruwe siku ile?"

"Nitauliza," akasema.

Badala ya kuuliza, akaenda kwa Ignac, akamkuta kwenye karakana akinoa mnyororo wa msumeno. Alimweleza kwa maneno machache, akiwa ameangalia pipa la mafuta.

Ignac aliacha kunoa.

"Tawi kalila?"

"Kalila."

"Basi mkuu, ushahidi umeliwa." Akacheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni. "Sikiliza. Labda halikuwa na kitu. Damu ilishaganda, baridi ilikuwa kali. Ukisema, wanakuja na maovaroli yao meupe wanaua nguruwe wote, wazima na wagonjwa. Na sisi je? Yule mama atatutembeza wilaya nzima. Wawindaji wa Lipowo, walioleta homa kwa kofia! Utaiweka wapi sura yako?"

"Sijui."

"Nyamaza kidogo. Ngoja uone. Wakiugua, si kunguru wapo?"

Hieronim alirudi nyumbani akiwa amepata nafuu, na nafuu ile ilimchefua. Alijaribu kunywa chai. Aligeuza kofia ndoanoni ili doa liangalie ukuta.

Mchana Bronia akapiga simu, akamwita kwa jina la utotoni.

"Hirek, majibu ya yule dume yametoka?"

Mtu hupewa nafasi ndogo kama hiyo, upana wake kama pumzi. Hieronim aliivuta pumzi, kisha akasema, "Bado."

"Wavivu hao. Nauliza kwa sababu Teofil anakuja Jumamosi kununua vitoto vya nguruwe wangu Balbina, vimeshaacha ziwa. Kibali ninacho. Ana wasiwasi mwenzangu, ana wajukuu wa kulisha, na riziki yao ni nguruwe wake hao wachache. Nikamwambia, Teofil, kwangu haingii mtu mchafu. Ndugu yangu ni mkuu wa wawindaji, na hata yeye namkagua mikono kama mtoto wa chekechea! Kacheka huyo mpaka kakohoa."

Hieronim aliikazia macho kofia.

"Hirek? Uko?"

"Niko."

"Umenyamaza kama aliyemeza kijiko. Haya, nikuache. Malwina hajagusa chakula tangu jana, nakwenda kumkanda matiti. Nadhani maziwa yamemkaba."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika. Angeweza kuvumilia kuchekwa na wilaya nzima. Alilijua hilo sasa, wakati lilikuwa limeshachelewa kuwa ushujaa. Asichoweza kuvumilia ni kwamba dada yake alikuwa anajivunia yeye kwa watu, na kila neno la sifa lilikuwa linaifungulia homa mlango wa Teofil. Akaichukua kofia ndoanoni, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akaondoka.

Alisimamisha gari barabarani, mbali na uzio, akashuka, akasimama upande wa nje wa lango. Bronia alitoka bandani na ndoo.

"Umefanyaje, umesahau njia? Njoo, kanyaga dawa uingie. Nimepika."

"Siingii, dada."

"Unaumwa?"

"Majibu yametoka."

Akaiweka ndoo chini.

"Lini?"

"Asubuhi. Uliponipigia nilikuwa nayo. Nilikudanganya." Alilazimisha macho yake yabaki usoni pa dada yake, yakashindwa, yakaanguka kwenye ndoo. "Yule dume alikuwa na homa. Na lile tawi, Bronia. Lile alilolila Malwina. Lilikuwa limechovywa kwenye damu yake."

Ndani nguruwe walikuwa wakikoroma na kusukumana. Sauti ya Malwina haikuwemo. Bronia aligeuza kichwa akasikiliza hilo, na Hieronim akamwona akilielewa.

Alingoja atukane. Alijiandaa kwa matusi, hata aliyatamani. Bronia alikuwa na matusi ya kutosha kijiji kizima. Lakini aliposema, alisema kwa upole, kama anayejisemea.

"Nililiona. Nilikukagua viatu, nikakukagua kucha. Tawi nililiona, nikamkumbuka baba."

"Wewe huna kosa."

"Usinigawie makosa, Hirek. Kofia iko wapi?"

"Garini."

"Ilete."

Akaileta ndani ya mfuko wake. Bronia alikuwa ameburuta beseni kubwa mpaka langoni, amelijaza dawa, ile kali isiyochanganywa na maji mengi. Alivaa glavu, akafungua fundo, akaitoa kofia ya baba yao, yenye manyoya ya kwale na beji za miaka mingi, akaiweka juu ya dawa. Haikuzama. Akachukua fimbo ya ufagio, akaikandamiza chini, akaishikilia hapo.

"Sasa mpigie yule daktari."

"Nitampigia nikifika..."

"Hapa hapa. Na useme kwa sauti, nisikie. Ukimaliza, umpigie Teofil."

Mara ya kwanza akabonyeza jina la mtu mwingine. Kalina akapokea.

"Daktari, ni Sawko. Nipo kwa dada yangu, Bronia. Ana nguruwe jike hali chakula." Akasogeza simu karibu na mdomo. "Ni ile homa, ya yule dume wetu."

"Mna uhakika? Mzoga ulifungiwa. Nani aliingia bandani akitoka uwindaji?"

Upande wa pili wa uzio Bronia hakumtazama. Alikuwa anatazama beseni, ambamo ukingo wa kijani ulikuwa umeponyoka chini ya fimbo na kuanza kuibuka tena.

"Jina la mwindaji, bwana Sawko. Lazima niandike."

"Mimi," akasema Hieronim.

"Sikusikii vizuri."

"Sema kwa sauti," akasema Bronia, na kuikandamiza kofia chini tena.