Foleni ya Misiba

Mama Magesa hakukubali kukaa. Kila Jumamosi alisimama mbele ya kompyuta ya duka la Liaquat, pale Shinyanga mjini, mikono ameifunga juu ya khanga, akikitazama kioo kama mtu anayetazama mlango wa wodi. Nilimwambia kuna kiti. Akajibu kwamba aliyekuja kuuliza hakai, anaulizia wima, akipewa jibu ndipo anakaa. Jibu langu lilikuwa lile lile. "Hakuna kitu, mama." Naye alitikisa kichwa taratibu, akatoka, na mimi nikabaki na uongo wangu kinywani, mchungu kama kwinini.

Ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa nimeshazunguka vya kutosha: nilichekecha mchanga wa almasi upande wa Songwa, nikapiga chapa barua za chama cha pamba, nikajifunza Kiingereza nusu kwa padre na nusu kwa madereva wa malori ya Zambia. Liaquat alikuwa anauza karatasi na madaftari. Mpwa wake Hemal, aliyekuwa akisoma Uingereza, alikuwa ametengeneza tovuti ya salamu, ili watoto wa Shinyanga waliotawanyika duniani waandikie nyumbani. Alihitaji mtu wa kuisimamia huku. Liaquat akanitazama, akasema, "Mzee Maige, wewe umefanya kazi zote isipokuwa ya kukaa mahali pamoja. Jaribu na hiyo."

Kazi yenyewe niliipenda. Laini ya simu ikikubali, nafungua ukurasa wa msimamizi ambao wageni hawauoni, naweka neno la siri, na ujumbe wote uliotumwa unapangwa mbele yangu kwenye foleni. Nikiupitisha, dunia inausoma. Nikiufuta, umekwenda. Hemal alikuwa akituma programu ndogo za nyongeza, moja moja, nami nikizipachika: moja ya kuhesabu wageni, moja ya kumjibu kila aliyeandika, "Asante, ujumbe wako umefika," na moja ya kufagia, inayofuta chochote kilichokaa kwenye foleni zaidi ya siku kumi, kwa sababu nafasi tuliyopewa ilikuwa finyu.

Niliongeza kanuni yangu mwenyewe. Kwetu msiba haubandikwi ukutani kabla wenyewe hawajaambiwa kwa mdomo, na mpeleka habari huenda kwa miguu yake, aulize kwanza nani yuko nyumbani, aombe maji, ndipo aseme. Kwa hiyo niliiagiza mashine kwamba ujumbe wowote wenye neno msiba usipite hata nikiwa nimeruhusu mengine yote yapite. Ungoje mpaka mimi mwenyewe nitie mkono. Niliona nimeifundisha adabu. Hata Hemal aliandika kunisifu.

Mei ile mume wa Mama Magesa alifariki. Alikuja dukani siku moja kabla ya mazishi. Mwanawe wa kwanza, Magesa, alikuwa Denmark. Namba ya simu waliyokuwa nayo ilikuwa ya nyumba aliyokwisha kuihama. Nikaweka tangazo kwenye tovuti: Magesa, leta neno nyumbani upesi, mama yako anakutafuta. Mama akanieleza kwa nini upesi. Katika ukoo wao, siku ya kuondoa matanga hutajwa wa kukaa mahali pa marehemu. Mtoto kuwa mbali si kosa. Kosa ni kunyamaza. Aliyenyamaza huhesabiwa amejitoa, na mji wa marehemu angeushika Herman, mdogo wa marehemu, ambaye alikwisha kusema wazi kwamba shemeji yake arudi kwa kaka zake.

Nilimwahidi. Siku mbili baadaye nikasikia kwamba karibu na Segese kuna shimo jipya linatoa dhahabu. Miguu yangu haijawahi kunishauri vizuri. Liaquat aliniomba nimwachie neno la siri. Nikamwambia ya nini, keshokutwa nimerudi. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu pekee mwenye ufunguo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa na mlango.

Niliruhusu salamu nyingine zote zijipitishe, nikaenda, nikakaa siku ishirini na mbili. Dhahabu sikuiona. Niliporudi, nikafungua ukurasa wa msimamizi, na chini, mahali programu ya kufagia inapoandika kazi yake, nikakuta mstari mmoja. Jina: Magesa. Tarehe. Maneno matano ya mwanzo: Mama, msiba wa baba nimeusikia. Kisha neno moja jekundu: umefutwa.

Nilimwandikia Hemal, akajibu kwamba kilichofagiwa hakirudi, pamoja na anwani ya aliyeandika. Niliweka tangazo jingine, Magesa, andika tena, ila kwa nini aandike tena mtu ambaye mashine ilikwisha kumwambia ujumbe wako umefika? Labda hata yeye alikuwa huko anangoja jibu la mama yake, moyo unamgeuka.

Jumamosi ya kwanza nikasema hakuna kitu. Ya pili vilevile. Ya tatu aliniambia kwamba matanga yataondolewa Alhamisi, na akanishukuru kwa usumbufu. Akanishukuru.

Alipotoka nilifanya jambo ambalo msimamizi anaweza kulifanya na mtu mwingine hawezi. Nikafungua ujumbe mpya, mahali pa jina nikaandika Magesa. Nikaandika vizuri, Mungu anisamehe: kwamba mama asihame, kwamba Desemba anakuja, kwamba mahali pa baba yake anapataka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kupitisha. Liaquat alikuwa nyuma yangu akipanga madaftari, akauliza leo kuna salamu za nani. Nikaufuta. Sikuufuta kwa wema. Niliona tu kwamba nimeshamnyang'anya yule kijana maneno yake mara moja.

Alhamisi nilipanda pikapu mpaka njia panda, kisha nikatembea. Wanaume walikuwa wamekaa uani, wanawake upande wa jikoni. Nikasalimu, mwangaluka, nikaomba maji, nikapewa. Herman alikuwa na fimbo ya marehemu imelala magotini mwake.

Nikasema mimi ndiye mzee wa kompyuta. Nikasema Magesa alileta neno, likafika kwangu, na likapotea kwa uzembe wangu, na kwamba tangu hapo nimemdanganya mama yake Jumamosi tatu.

Mzee mmoja aliguna. Herman hakukasirika, alitabasamu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mgeni, lilisema nini hilo neno?"

Mama Magesa alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yaliniomba, yaliniomba kabisa. Ule ujumbe niliouandika nilikuwa nao wote kichwani.

"Alisema amesikia msiba," nikasema. "Baada ya hapo sijui."

"Hujui," Herman akasema. "Huenda alisema gaweni, mimi sirudi."

"Huenda."

Akawageukia wazee akiwaonyesha kiganja kitupu. Ndipo Mama Magesa akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Tarehe ngapi?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikamwambia tarehe mosi Juni, asubuhi, saa za kwetu.

Akahesabu kwa vidole juu ya khanga. "Tulizika ishirini na tisa," akasema, si kwangu, kwa wazee. "Kaburi lilikuwa bado bichi, na mwanangu alikwisha kutamka. Nyie wenyewe wengine mlikuwa hamjafika."

Yule mzee aliyeguna alitazama chini. Mwingine akasema jambo kwa Kisukuma, polepole, na wa pembeni yake akaitikia. Herman aliangalia huku na huku, kisha akainua fimbo kutoka magotini na kuiegemeza ukutani, isiwe mkononi mwa mtu.

Mama Magesa alivuta kigoda akakaa. Hakunitazama. Wazee waliendelea kuzungumza wao kwa wao, na mimi nikabaki nimesimama pale uani na kikombe kitupu, hakuna aliyeniambia niondoke, wala aliyenionyesha mahali pa kukaa.