Ocante Anakwenda Kuwaona Viboko

Kwetu kijana wa kiume akifa kabla ya jando, hafiki kokote. Anabaki kuzurura kisiwani, mara yuko kwenye michikichi, mara kwenye ukingo wa maji. Mtu mzima hajawa, na mizimu ya ukoo haimfungulii mlango. Ndipo mwanamke wa damu yake humbeba. Roho ya kijana inamwingia, naye anakwenda msituni kumalizia jando kwa niaba yake. Tangu hapo haitwi kwa jina lake mwenyewe. Anaitwa jina la marehemu, anatembea na mkuki wa mti, na wanawake wenzake wanamtania kama wanavyotutania sisi wanaume.

Nasema kwetu, ingawa mimi nilishuka hapa kutoka melini ndevu zikiwa bado nyeusi, nikaletewa sahani ya wali na mwanamke wa kisiwa hiki, nikaila, na kula sahani hiyo ndiyo kuoa. Mke wangu huyo keshatangulia mbele ya haki. Mimi bado nipo, na bado wananiita Mgeni.

Mwaka ninaousimulia, Segunda alikuwa amembeba mdogo wake, Ocante, aliyezama mtumbwi ulipopinduka kwenye mkondo baina ya visiwa. Kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa isipokuwa kimoja. Kabla ya wabebaji kuingia msituni, mama wa marehemu lazima amwite mwanawe kwa jina, kwa hiari ya ulimi wake. Haombwi. Akiombwa, jina limeharibika, halihesabiki. Na Mama Quinta, mzazi wao wote wawili, alikuwa hajaliita. Mwezi ulibaki mwembamba kama ukucha. Ukifa, msitu unafungwa, na kufunguka tena ni miaka. Hiyo miaka yote Ocante angeendelea kuzurura.

Watu walijaribu kuzunguka bila kuomba. Jirani mmoja aliingia uani akamwonyesha Segunda kwa kidevu.

"Mama Quinta, huyu kijana wako hodari ni nani vile?"

"Umeanza kupofuka? Huyo Segunda. Nilimzaa mvua inanyesha, wewe mwenyewe ulishika taa."

Kisimani wasichana walimpigia kelele Segunda, "Kaka Ocante, leo nikuletee sahani?"

"Leteni, ila mniwekee kombe nyingi za pwani," alijibu kwa sauti nzito, wakacheka mpaka wakamwaga maji. Lakini alipofika kwangu hakuwa na kicheko.

"Mgeni, mama hamwoni. Mimi namsikia humu ndani, yeye hamwoni."

"Huwezi kumlazimisha mtu kuona."

"Najua. Ila siku ya kuingia nitacheza ngoma yake ya kiboko mbele ya watu. Yeye aliivaa ile kofia ya mti yenye sura ya kiboko akacheza, mimi nilikuwa Bissau nauza samaki, sikuwahi kumwona. Wanaonifundisha wananiambia nikanyage kwa hasira. Nakanyaga, nafanana na ng'ombe. Labda nikicheza sawasawa, mama atamwona."

"Mimi si mchezaji."

"Lakini wewe ndiye unayewafukuza viboko kwenye mpunga kila usiku. Unawajua wanakopita."

Hilo kweli. Kazi yangu hapa ni kupiga debe mashambani viboko wanapokuja kula, na kuwaomba radhi huku nikipiga, maana hapa kiboko hauawi. Nikamwambia ngoma ya viboko mimi sijui, ila wachezaji wenyewe hutoka ziwani alfajiri wakavuka tuta la mchanga kwenda baharini, maji ya chumvi yawaondolee ruba. Twende tukawatazame.

Mama Quinta alitusikia. Mwanamke yule anasikia hata unavyofikiri.

"Mnakwenda kuwatazama walafi? Nami nakuja. Nina maneno nao."

"Mama, kule hakuna kusema maneno," nikamwambia.

"Basi nitawaangalia vibaya."

Tuliondoka giza likiwa halijapauka. Mama Quinta alilalamika njia nzima, umande, miiba, magoti, na mimi mwenyewe kutembea kama bata. Tulipofika ufuo wa mashariki akanyamaza bila kuambiwa. Tangu mtumbwi upinduke hakuwa amekanyaga mchanga ule. Tukakaa juu ya tuta, penye majani yanayotambaa, upepo ukitupiga usoni. Nikamwaga chini pombe kidogo ya miwa nikapiga hodi kwa wenye nyumba. Pale huwataji viboko kwa jina wala huwanyooshei kidole. Unaonyesha kwa kidevu.

Kwanza walitoka kaa, wengi, mchanga ukawa kama unatembea. Kisha ndege wenye miguu mirefu wakashuka ukingoni, wakawa wanakimbia na wimbi, likirudi wanalifuata, likija wanalikimbia. Bahari ilikuwa na rangi ya chungu kipya. Kwenye upande wa bara mstari mwekundu ukatokeza, ukapanuka.

Ndipo tukasikia pumzi nyuma ya tuta, hmff, hmff, kama wazee wanaopanda ngazi.

Walipita mbali kidogo nasi, mmoja nyuma ya mwingine. Mbele dume kubwa lenye makovu shingoni, kisha majike, kisha mtoto aliyebandikana na ubavu wa mama yake. Nimewafukuza miaka mingi gizani, nikawajua kwa kishindo cha matope na mabua kuvunjika. Pale mchangani hawakuwa na kishindo. Waliweka mguu polepole, wakaacha mchanga uupokee, ndipo wakaweka mwingine. Jua likatokeza, migongo yao ikang'aa kwa wekundu wa shaba. Wakaingia majini bila kurusha hata tone, wakabaki masikio na pua.

"Hawakanyagi," Segunda alinong'ona. "Angalia. Wanaomba ruhusa."

Alibaki mmoja, dume changa. Alifika ukingoni, wimbi likamgusa miguu, akaruka nyuma. Mwili wote ule! Akageuka akaipa bahari makalio, akasimama hivyo, kama anayesema mimi sikuja kuoga. Wimbi lingine likamgusa nyuma, akasogea tena. Mama Quinta akaziba mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Sikuona Segunda alivyoinuka. Nilipotupa jicho alikuwa ameshuka tuta, yuko kwenye mchanga mtupu, ameinama, mikono ameining'iniza, anaweka mguu, anangoja, anaweka mwingine. Alikuwa amezama humo, hatazami kitu. Anasogea mbele, anarudi, anageuza mgongo kwa bahari kama lile dume changa.

Na dume kubwa likatoka majini.

Halikukimbia. Lilisimama kwenye maji ya magoti, likamwelekezea Segunda kichwa, likafungua kinywa. Mate yalining'inia yakimeremeta. Mimi niliyezoea kupiga debe, sikuwa na debe.

"Ocante!"

Sauti ilipasua ufuo, ndege wote wakaruka.

"We Ocante! Rudi huku, mjinga wewe! Watakukanyaga, umekuwa kiziwi?"

Mama Quinta alikuwa amesimama juu ya tuta, khanga imemdondoka, mikono yote miwili hewani.

Segunda hakugeuka. Alibaki vile vile, ameinama, akajibu kwa uvivu, "Nakuja."

Hakusogea.

"Nakuja, nakuja, na hasogei!" Mama Quinta alifoka. "Kila siku nakuja, nakuja! Nimekuita mara ngapi katika maisha yako?"

Dume likafumba kinywa. Likatutazama kidogo, kama mtu aliyekuta ugomvi wa nyumba ya watu, likageuka likarudi majini. Lile changa, kwa hofu ya kuachwa peke yake na sisi, likafumba macho likaingia baharini kinyumenyume.

Hapo Mama Quinta alisikia alichokisema. Akaketi mchangani taratibu, akatazama maji yale kwa muda mrefu. Segunda alipanda tuta, mkono mmoja umeshika kiuno, akakaa karibu yake kwa kuegama, kama wanavyokaa vijana wasiojali. Mama akampangusa mchanga begani, kwa nguvu, kama anayepangusa mtoto mchafu.

"Ulikuwa unaogopa maji tangu mdogo," akasema. "Nilikuwa nakusukuma."

"Nakumbuka, mama."

Jua lilipopata joto tukarudi. Nusu ya kijiji ilikuwa imekaa njiani kutungoja, kila mmoja amejifanya anachambua kitu. Jirani yule akainuka.

"Mama Quinta, habari za huko?"

"Nipisheni," alisema, akimvuta Segunda kwa mkono katikati yao. "Ocante hajala tangu jana."