Kisu cha Mashine ya Maboksi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, bora niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani. Kwa hiyo kaka yangu aliponiambia, tena kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, kwamba mnunuzi wa skrepa atakuja kuchukua fuawe ya marehemu baba, nilimrushia koleo. Halikumpata. Nilitaka tu limpite karibu ajue nipo.

Fuawe ndiyo karakana yenyewe. Kile kipande cha chuma tunachofulia juu yake kikiondoka, yanabaki majivu na mvukuto wa kupulizia moto, nao umejaa viraka. Baba alitulea kwa kufua majembe juu yake, na tangu tumzike nilikuwa nikifua peke yangu. Kaka naye alikuwa na shida yake, simnyimi haki. Kiwanda cha maboksi alikokuwa akikata karatasi kwa mashine, miaka kumi na minne, kilifungwa ghafla. Akawa anashinda kibarazani akitafuta la kuuza ili aondoke zake.

Neno la mwisho nyumbani ni la mama. Mama ni mpishi wa bweni la wanafunzi, na kwa siku anamaliza gunia zima la vitunguu. Alitusikiliza wote wawili, kisha akaninyooshea kidole.

"We mwanangu, unasema hiyo kazi bado ina uhai. Haya, nitengenezee kisu. Nikikitumia siku saba bila kukinoa, fuawe haitoki hapa. Kikishindwa, kaka yako amwite huyo mtu wake. Na nisisikie kelele tena."

Siku saba! Visu vya dukani huomba kinoo kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kwenye mabaki ya kiwanda cha kaka, nikaambulia kipande cha kisu cha ile mashine yake, bamba nene kama kidole. Kisu kilichokuwa kikikata rundo la karatasi kwa pigo moja si chuma cha mchezo. Grenda ililia kama imeonewa, lakini nilipata vipande vitatu vya kufulia visu.

Cha kwanza nilikifua nusu siku. Kilipoiva kikawa chekundu, nikakichovya kwenye ndoo ya maji kama baba alivyokuwa akichovya majembe. Kikalia tik. Ni sauti ndogo tu, lakini mhunzi akiisikia anajua kazi imeharibika. Ufa ulianzia kwenye makali ukafika mgongoni. Nikajiambia ni pupa yangu. Cha pili nikakipasha polepole, nikakichovya kwa adabu zote. Tik. Nikakaa sakafuni nikalia, na si kwa sababu ya moshi.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni.

"Umechovya kwenye maji?"

"Ulitaka nichovye kwenye chai?"

Hakucheka. Aliokota kile kilichopasuka, akapitisha kidole kwenye ufa taratibu.

"Hiki nimekifunga na kukifungua miaka kumi na minne," alisema. "Fundi aliyekuwa anakuja kukinoa hakutaka tone la maji likiguse kikiwa cha moto. Alisema kinataka mafuta, tena yaliyopashwa kidogo. Kikipoa ghafla kinapasuka."

"Na unaniambia ya nini? Kikipasuka na cha tatu, si umeshinda?"

Akajikuna shingo. "Nashindwa kukiona kinakufa hivi, dada."

Nikapasha oili chafu ya gari kwenye debe. Yeye akashika mvukuto. Kisu cha tatu kilipozama, moshi ulijaa karakana yote, tukakohoa, tukatega masikio. Kimya. Nilipokigonga kwa msumari kikatoa mlio mrefu, safi. Nikakirudisha kwenye joto dogo ili kisiwe rahisi kuvunjika, nikakinoa, nikakitia mpini.

Mama alianza nacho Jumatatu. Siku ya nne nilipita jikoni kwake nikijifanya nina ujumbe. "Toka," akasema, "utakitazama mpaka kione haya." Siku ya sita akasema kinaanza kuchoka. Siku hiyo sikula.

Jumapili jioni alirudi, akatuita mezani, akatoa nyanya iliyoiva mno. Aliweka makali ya kisu juu yake bila kukandamiza, akakivuta. Ngozi ikafunguka.

"Kimechoka lakini kinafanya kazi, kama mimi," alisema. "Fuawe inabaki."

Nilipiga vigelegele mwenyewe. Kisha nikamwona kaka akitazama mikono yake, na furaha yangu ikaingia doa. Yeye ndiye aliyenipa ushindi, na yeye ndiye aliyebaki bila kitu. Kuomba radhi si fani yangu, kwa hiyo nikauliza jambo jingine.

"Kule kiwandani kumebaki vyuma kama kile?"

"Vingi. Najua kila kimoja kilipo." Akatazama pembeni. "Kesho unafungua saa ngapi?"

"Saa moja."

Kesho yake nilifika karakanani saa moja kasoro robo, nikijiona nimewahi. Mkaa ulikuwa umeshawaka.